Kubadilisha Programu ya Nakala Rudufu: Mambo ya Kuzingatia kwa Wafanyabiashara

Biashara nyingi, kuanzia maduka ya jumla na ya dawa hadi shule za kibinafsi na vyama vya akiba na mikopo, huweka rekodi za mauzo, madeni na mishahara katika seva moja. Seva hiyo ikiungua, ikiibwa au ikivamiwa na virusi vinavyofunga faili ili wahalifu walipwe, kinachookoa biashara ni nakala rudufu.

Programu inayotengeneza nakala hizo nayo hufikia wakati wa kubadilishwa. Leseni huisha, au seva huhamishiwa mfumo mpya ambao programu ya zamani haiutambui. Microsoft, kwa mfano, ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows Server 2012 mnamo Oktoba 10, 2023.

Anza na mahitaji

Kabla ya kuuliza bei, mwenye biashara ajibu maswali mawili. Kwanza, anaweza kuvumilia kupoteza rekodi za muda gani? Duka linalotengeneza nakala kila usiku hupoteza mauzo ya siku nzima seva ikiharibika jioni. Pili, biashara inaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha programu ipi inafaa.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

• Je, programu inaweza kunakili hifadhidata ya mauzo au uhasibu ikiwa inatumika? Bila uwezo huo, nakala inaweza kukataa kufunguka.

• Je, inaweza kurejesha seva nzima kwenye mashine ya aina tofauti? Huenda mashine kama ya zamani isipatikane tena madukani.

• Malipo ni kwa kila seva, kwa ukubwa wa data au kwa mwaka? Programu huria kama vile Bacula na UrBackup zinapatikana bila ada ya leseni, lakini zinahitaji fundi anayezielewa.

• Data itawekwa wapi, na nani atakuwa na ufunguo wa kuifungua? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ufunguo uwekwe mahali salama nje ya seva; ukipotea, nakala haina faida.

Nakala tatu

Wataalamu hupendekeza nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo la biashara. Nakala moja isiunganishwe na mtandao wakati wote, kwa sababu virusi hufuata kila diski vinavyoweza kuifikia.

Anayetaka kuhifadhi mtandaoni apime kasi ya intaneti yake. Kupakia gigabaiti 200 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 44. Kwa hivyo, achague programu ambayo baada ya nakala ya kwanza hutuma mabadiliko pekee.

Jaribu kabla ya kuhama

Ujumbe wa “imekamilika” kwenye skrini si uthibitisho. Fundi arejeshe data kwenye kompyuta nyingine, afungue rekodi na kulinganisha jumla za mauzo. Zoezi hilo lirudiwe angalau kila baada ya miezi mitatu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Programu ya zamani iendelee kufanya kazi sambamba na mpya hadi jaribio lifaulu. Hata baada ya hapo isifutwe ovyo, kwani aghalabu nakala zake husomwa nayo yenyewe tu, na sheria ya kodi inahitaji rekodi zihifadhiwe kwa miaka 5.

Hatimaye, mtu mmoja apewe jukumu la kukagua nakala kila asubuhi, na mwingine afundishwe kazi hiyo ili asipokuwepo wa kwanza, biashara isikwame.