Fedha za wafadhili ziingie kwenye kitabu cha baraza

Mtaro wa maji ya mvua unaopita mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, una wakubwa wengi. Fedha za kujengea mitaro ya aina hiyo zilitoka Benki ya Dunia, kupitia mradi wa huduma za miji Zanzibar ulioanza mwaka 2011 na kujulikana kwa kifupi chake, ZUSP. Mikopo ya namna hii hutiwa saini na Serikali ya Muungano, ikashuka Wizara ya Fedha ya Zanzibar, ndipo kazi ikaonekana mtaani. Masika yakiingia na mtaro ukajaa mchanga na chupa za plastiki, mkaazi wa Amani hana habari na safari yote hiyo. Humwendea sheha, sheha hulifikisha tatizo hilo kwa diwani, na diwani hulipeleka baraza la manispaa. Kuanzia hapo suala ni la fungu tu: je, kwenye bajeti ya baraza mna fedha za kuuzibua?

Mashirika ya misaada hukutana sana kuzungumzia uratibu. Azimio la Paris la mwaka 2005 liliwataka wafadhili wafuate mipango na taratibu za nchi wanayoisaidia. Tanzania ilikuwa imeshaanza mapema, tangu ripoti ya jopo la Profesa Gerald Helleiner ya mwaka 1995 iliyosema wazi kwamba uhusiano wa Serikali na wafadhili umeharibika. Mwaka 2006 ukaja Mkakati wa Pamoja wa Misaada, MPAMITA. Hizo ni hatua kubwa, lakini mazungumzo yake yaliishia zaidi mezani kwa mabalozi na makatibu wakuu.

Kwenye serikali za mitaa, jaribio lililofika mbali lilikuwa la Bara. Baada ya sera ya mwaka 1998 ya kuboresha serikali za mitaa, wafadhili kadhaa, zikiwemo nchi za Nordic na Uholanzi, walichanga kwenye mfuko mmoja wa kuboresha halmashauri. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 ikatolewa ruzuku ya maendeleo kwa kanuni iliyojulikana na wote: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Halmashauri ilikaguliwa kila mwaka. Yenye hesabu chafu ilinyimwa. Uganda ilikuwa imetangulia kwa utaratibu kama huo. Uzuri wake ni kwamba diwani aliweza kukisia mapema kitakachoingia, akapanga. Udhaifu wake ni kuwa afya na elimu ziliendelea na mifuko yao wenyewe, kila mmoja na ripoti zake.

Zanzibar ina mambo yake. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hiyo ruzuku ile haikuvuka bahari. Kilichovuka ni mgao wa asilimia 4.5 wa misaada ya bajeti, nao ulipokelewa na Hazina. Sheria Namba 7 ya mwaka 2014 iliyapa mabaraza nguvu mpya, na mwaka wa fedha 2017/18 elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na kilimo vilianza kukabidhiwa kwao. Sheha naye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kwa hiyo mtu wa karibu kabisa na mwananchi huwajibika juu, na diwani aliyechaguliwa ndiye anayeulizwa kuhusu fedha ambazo pengine hakuziona.

Mtazame mhasibu wa baraza. Mwaka wake wa fedha huanza Julai. Wa Marekani huanza Oktoba, wa Uingereza Aprili. Mradi mmoja unataka akaunti yake ya benki, wa pili unataka fomu zake, wa tatu hununua vifaa wenyewe na kuvileta bila ya bei. Mwisho wa mwaka hawezi kuandika kwa uhakika jumla ya msaada ulioingia kwenye wadi zake. Hayo ndiyo yanayohitaji kuratibiwa, na mimi naamini yataratibika pale tu baraza litakapokuwa na mpango mmoja na kitabu kimoja, kila mfadhili akajiandika humo. Hilo liwahusu na wasiokaa kwenye vikao vya wafadhili wa Magharibi, kama China iliyotusaidia kuujenga uwanja wa Amani uliofunguliwa mwaka 1970.

Na wafadhili huondoka. Tarehe 28 Machi 2016, siku chache baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar, shirika la Marekani la MCC liliisitishia Tanzania msaada wa dola milioni 472. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, nalo likafungwa. Baraza lisilojua kilichokuwa kikilipwa na nani haliwezi hata kuamua liokoe kipi kwanza.

Basi bajeti ya baraza lako itakapojadiliwa, muulize diwani mambo mawili: ni miradi gani ya wafadhili imeandikwa humo, na matengenezo yake yametengewa shilingi ngapi.