Kila Kipande cha Safari na Mchezo Wake

Mzazi anayesafiri na mtoto wa miaka mitatu kutoka Musoma kwenda Mumbai, Dubai au Amsterdam huhesabu saa za ile ndege kubwa tu, na maandalizi yake huanzia hapo. Mtoto hahesabu hivyo. Kwake safari imeanza alfajiri stendi ya Bweri, alipoamshwa kabla ya jua na kupakatwa kwenye basi la Mwanza. Hizo ni kilomita zipatazo 220, na kwa basi linaloshusha na kupakia njiani ni karibu saa nne. Kisha kuna kusubiri uwanjani, saa moja na nusu hivi angani hadi Dar es Salaam, kusubiri tena, na ndipo ije ndege ndefu. Anapofungwa mkanda kwenye kiti hicho cha mwisho, subira yake yote imeshatumika. Mara nyingi michezo nayo imekwisha, kwa sababu mfuko wake ulifunguliwa kabla hata basi halijafika Bunda.

Utundu wa mtoto safarini si ukosefu wa adabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba mtoto asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari, kwenye kiti au mgongoni mwa mlezi. Ndiyo, mbeleko nayo imo. Mwongozo huohuo unasema muda ambao mtoto amekaa ni vizuri utumike kumsomea na kumsimulia hadithi. Hakuna safari ya kutoka Mara kwenda ng'ambo inayoweza kutimiza sharti la saa moja, lakini sharti hilo linampa mzazi kipimo: kila saa inayopita, mwili wa mtoto unadai kitu.

Barabarani, kitu hicho kiko dirishani. Hapa ndipo ushauri wa basi unapoachana na ushauri wa ndege. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwili unayumba na kukata kona huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kwa mfano kioo cha simu au kitabu cha picha. Ubongo hupokea habari mbili zisizopatana, na tumbo ndilo huchafuka. Watoto walio chini ya miaka miwili hupatwa na hali hii kwa nadra. Hushika kasi kadiri wanavyokua, hasa kati ya miaka 6 na 12. Kwa hiyo kumpa mtoto wa miaka minne katuni kwenye simu kati ya Kiabakari na Bunda ni kuomba atapike. Akae dirishani, katikati ya basi ambako mtikisiko ni mdogo, atazame mbali.

Na barabara ya Mara haikosi cha kutazama. Kuna mawe makubwa yaliyorundikana vilimani, ng'ombe wanaovushwa barabara, kilima cha Balili pale Bunda, na mbele yake Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti, ambalo liko kandokando kabisa ya barabara kuu. Kwa nyakati fulani za mwaka nyumbu na pundamilia huonekana bila kushuka garini. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupewa kazi ya kuita kila mnyama anayemwona. Wa miaka mitano anahitaji zaidi ya hapo, na vitendawili vinamtosha.

Si lazima viwe vile vya shuleni. Mzazi anaweza kutunga papo hapo kwa kinachopita dirishani. Wazee wamekaa kilimani, mvua inawanyeshea na hawahami: mawe. Kavaa nguo ya mistari na hajawahi kuifua: pundamilia. Mtegaji akishinda hudai apewe mji, na aliyeshindwa humpa Magu, Lamadi au Mwanza. Mtegaji huuchukua mji huo na kueleza alivyofika huko na kupokelewa, kisha ndipo atoe jibu. Hakuna mchezo unaofaa barabara kama huu, maana miji inayotolewa ndiyo hiyo basi linakoelekea. Mtoto aliyetoa Lamadi robo saa iliyopita ataisubiri Lamadi kwa hamu, na hamu hiyo ni dakika ambazo mzazi hahitaji kumtuliza.

Basi likisimama, mtoto ashuke. Dakika tano za kukimbia huku na huko na kurukaruka, mkono ukiwa ndani ya mkono wa mkubwa, zina thamani kuliko chakula chochote kinachopandishwa dirishani. Kuhusu hicho chakula, neno moja la tahadhari: karanga nzima hazimfai mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya gari linalorukaruka, kwani zinaweza kuteleza na kuziba njia ya hewa. Ndizi mbivu na yai la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo havina hatari hiyo.

Wanaokwenda kupanda ndege Kilimanjaro kwa kukatiza Serengeti wana kibarua kigumu zaidi. Ndani ya hifadhi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na abiria hawashuki popote wanapotaka, kwa sababu za wazi. Mtoto aliyeacha pampasi mwezi jana arudishiwe kwa siku hiyo moja, bila kumsimanga. Njia hiyo hupita pia kwenye kingo za Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka hadi Mto wa Mbu, chini ya mita 1,000. Mtoto atahisi masikio yakiziba na kuzibuka wakati wa kushuka. Ni nafasi nzuri ya kumfundisha kumeza mate na kupiga miayo, kwani ndani ya ndege atakutana na hali hiyohiyo.

Ndani ya ndege kila kitu hugeuka. Dirishani hakuna kitu isipokuwa mawingu, na mtoto wa miaka mitatu hana shughuli na mawingu. Ndege ikiwa juu huwa imetulia kuliko basi, kwa hiyo macho yanaweza kushuka kwenye vitu vya karibu bila tumbo kuasi. Sasa ni zamu ya mikono, na mfuko wa michezo ufunguliwe hapa, kitu kimojakimoja. Kila kimoja kiviringishwe kwenye kipande cha kanga kuukuu na kufungwa fundo, kwa sababu kwa mtoto wa miaka miwili kulifungua fundo ni mchezo kamili, na kilichomo ni nyongeza. Kopo la plastiki lenye kifuniko na vitu vikubwa vya kutumbukiza na kutoa humshughulisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa muda ambao mkubwa hawezi kuuamini. Uzi mrefu uliofungwa ncha, wa kutengenezea maumbo vidoleni, unamfaa wa miaka mitano, lakini usiachwe kwa mdogo asije akauzungusha shingoni. Karatasi ya utepe inayobandika na kubanduka bila kuacha alama huugeuza mgongo wa kiti cha mbele kuwa barabara, mto, au boma la mbuzi.

Vitu vinavyolia viachwe nyumbani. Vya duara vinavyobiringika chini ya viti pia. Ndiyo maana kete za bao, ambazo watoto wa Butiama huziona mikononi mwa wakubwa na ambazo Mwalimu Nyerere mwenyewe alizipenda sana, ni bora zitumike kwenye ukumbi wa kusubiria uwanjani, kwa mtoto aliyekwisha kupita umri wa kutia kila kitu mdomoni. Trei ya mayai iliyokatwa inatosha kuwa ubao, na kuhesabu na kugawa kete ni kazi ya akili inayoweza kuimaliza saa nzima ya kusubiri.

Hadithi ndiyo haina uzito mkobani, nayo inahitaji kupangwa kama vitu vingine. Mtoto mdogo haelewi zimebaki saa tano. Anaelewa tutakula mara mbili na kulala mara moja. Hadithi inaweza kufuata mpangilio huo, sehemu moja kabla ya chakula na nyingine baada yake. Watoto wa Mara wana bahati ya kuwa na hadithi ya kweli ya safari iliyotokea nyumbani: Mwalimu Nyerere, wakati huo kijana mchunga mbuzi wa Butiama, ambaye mwaka 1934 aliacha kijiji chao kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Mbuzi walikuwa wangapi, alilala wapi, alibeba nini? Mtoto ayajibu mwenyewe, na kila jibu liwe mlango wa swali jingine.

Kuna tofauti nyingine kati ya basi na ndege ambayo wazazi huishtukia wakiwa angani. Kwenye basi la Bunda mtoto akilia, mama wa kiti cha nyuma husema nipe nimshike, naye hupokewa na bibi asiyemjua hadi atulie. Kwenye ndege ya kimataifa mkono huo haunyooshwi kwa urahisi. Wanaosafiri wawili wapeane zamu zinazoeleweka, mmoja alale kwelikweli wakati mwingine ana mtoto. Anayesafiri peke yake awaambie wahudumu mapema. Kwa mtoto mchanga, ndege nyingi kubwa zina vitanda vidogo vinavyofungwa kwenye ukuta wa mbele, lakini ni vichache na huombwa wakati wa kukata tiketi.

Simu inakuja mwisho. Mwongozo ule wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne hauruhusu zaidi ya saa moja kwa siku. Siku ya safari si siku ya kawaida, na mzazi asijitese kwa dakika zilizozidi. Lakini katuni ikitolewa mwanzoni hakuna kitakachoishinda baadaye. Iwekwe kwa ile saa ambayo mtoto amechoka, usingizi umekataa na mikono haitaki kitu tena, nayo ihifadhiwe kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Kinachopaswa kukataliwa kabisa ni dawa ya kumlaza. Baadhi ya wazazi humpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio, wakijua huleta usingizi. Promethazini, mojawapo ya dawa hizo, haitakiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudidimiza upumuaji hadi kuua. Na wapo watoto ambao dawa za aina hii huwachangamsha badala ya kuwalaza, ikawa taabu juu ya taabu.

Soda kabla ya kupanda nayo haifai. Hewa ndani ya ndege hushikiliwa kwenye kiwango kinacholingana na kuwa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na gesi iliyo tumboni mwa mtoto anayeondoka Dar es Salaam inaweza kutanuka kwa karibu theluthi moja. Kilio cha nusu saa baada ya kuruka mara nyingi ni tumbo.

Kilio cha kutua ni masikio. Hewa ya nje inaongezeka nguvu, na mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua haujafunguka kuiruhusu kuingia. Musoma na Mwanza ziko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko pwani, kwa hiyo badiliko ambalo sikio hulipata kwa kutua Dar ni karibu mara mbili ya lile la kutua Mwanza, au hata zaidi. Mtoto aliyetua Mwanza akicheka anaweza kulia kwa uchungu wa kweli akitua Dar, Mumbai au Amsterdam. Kumeza ndiko hufungua mrija. Ndege huanza kushuka takribani nusu saa kabla ya kugusa ardhi, na mtoto aliyelala humeza kwa nadra, kwa hiyo aamshwe wakati huo, hata kama usingizi huo umepatikana kwa shida. Mchanga anyonyeshwe, mkubwa apewe kikombe cha maji anywe kwa mafundo madogo. Mwenye mafua atiwe matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kushuka. Sikio likiendelea kuuma siku inayofuata, au likitoa majimaji, apelekwe kituo cha afya kabla ya ndege ya kurudi.