Dakika 17 bila mzigo: dawa ya bure kwa mfanyabiashara wa Arua na Koboko

Kutoka Vurra hadi Oraba siku hizi ni lami. Mtu anaacha mpaka wa Kongo asubuhi, anapita Arua na Koboko, na mchana yuko mpaka wa Sudan Kusini bila kupiga hatua mia tatu. Biashara imefaidi. Mwili ndio uliopoteza.

Siku ya mpakani tunaijua: kukaa garini, kukaa ukisubiri karatasi za forodha, kukaa kibandani hadi jioni. Kinachotembea ni mzigo. Ongeza deni, na pauni ya Juba isiyotulia, halafu shangaa kwa nini shinikizo la damu linapanda.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Ila mahali pa kutembea nako kuna uzito wake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kuwa waliokaa penye miti na nyasi angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema. Ni kama dakika 17 kwa siku, na hata ukizimaliza zote Jumapili moja, hesabu ni ileile. Kweli, huenda wenye afya ndio wanaopenda kutoka; utafiti wenyewe haukufunga mjadala huo.

Kinachonigusa zaidi ni jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2015. Watu walitembea dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwanza walirudi wakiwa wamepunguza kuwaza jambo baya lilelile tena na tena. Aliyewahi kulala akihesabu mali iliyokwama mpakani anaelewa hiyo ni faida gani.

Arua ina msitu wa Barifa ndani ya jiji lenyewe, dakika chache kutoka sokoni. Ardhi yake imegombaniwa miaka mingi, kwa kuwa kiwanja mjini kina bei na kivuli hakina. Wauza duka wangepaswa kuwa wa kwanza kuutetea. Wenye magari watapata kivuli kwingine. Koboko haina haja ya msitu: toka barabara kuu, fuata njia ya mashambani chini ya miembe.

Nenda asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali. Mwenye dawa za presha au sukari asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Na ukiwa Oraba usifuate njia usiyoijua, maana mpaka hauna ukuta na askari hajui kwamba unanyoosha miguu tu. Kitambulisho kiwe mfukoni.