Kompyuta ya Kikundi Inapolemewa na Picha

Siku hizi vikundi vingi hutengeneza picha zao wenyewe: za vikapu na asali ya kuuza, za kadi za harambee, za kuonyesha wafadhili maendeleo ya mradi. Kazi yote hufanywa kwa kompyuta moja, mara nyingi iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Siku moja mashini inaanza kukokota. Unabonyeza, unangoja. Mwishowe programu inakataa kabisa, ikisema diski imejaa. Wanachama wanaanza kusema, "Tuchange tununue nyingine."

Tunawaomba msiguse pesa za kikundi kwanza. Mara nyingi mashini si mbovu, imekosa nafasi tu. Tueleze.

Meza na stoo

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Diski ni kama stoo: vitu hukaa humo hata stima ikipotea. Memori, ambayo mafundi huiita RAM, ni kama meza ya kufanyia kazi: ni ya haraka, lakini ni ndogo, na stima ikipotea kila kilichokuwa juu yake kinapotea.

Picha ikifunguliwa huwekwa mezani. Meza ikijaa, programu ya picha huazima sehemu ya stoo na kuweka kazi nyingine huko kwa muda. Diski ni ya polepole kuliko memori, ndiyo sababu mnangoja. Na kama stoo nayo imejaa, hakuna pa kuazima. Kazi inasimama.

Mbona picha ndogo inakula nafasi kubwa?

Picha ya simu yaweza kuwa megabaiti 4 tu kwenye diski, kwa sababu imebanwa kama nguo ndani ya sanduku. Ikifunguliwa, nguo zote hutandazwa. Hebu tupige hesabu. Picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Kila nukta huhitaji baiti 3, moja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Hiyo ni megabaiti 36.

Ukiongeza maandishi na picha nyingine juu yake, kila tabaka la ukubwa huo lenye sehemu za kuonyesha lililo chini huchukua baiti 4 kwa nukta, yaani megabaiti 48. Matabaka matano ni megabaiti 240. Tena, programu hukumbuka hatua mlizopitia ili muweze kurudi nyuma mkikosea. Hizo nazo zinataka nafasi.

Basi tufanye nini?

1. Fungeni programu nyingine zote, hasa ya intaneti. Zote zinagombania meza moja.

2. Tazameni nafasi iliyobaki kwenye diski. Hamisheni video na picha za zamani hadi diski ya nje, hakikisheni zinafunguka huko, kisha mfute zilizobaki. Kumbukeni kumwaga pipa la taka, kwa maana kitu kilichomo bado kinashika nafasi.

3. Punguzeni picha kulingana na kazi. Ya kuchapishwa sentimita 10 kwa 15 inatosha nukta 1,800 kwa 1,200. Ikifunguliwa itachukua karibu megabaiti 6.5 badala ya 36. Lakini fanyeni hivyo kwa nakala. Picha ikishapunguzwa na kuhifadhiwa, haiwezi kurudishiwa uzuri wake wa kwanza.

4. Matabaka mliyomaliza kuyashughulikia yaunganisheni yawe moja.

5. Mkitumia GIMP, ambayo ni ya bure, fungueni mipangilio yake. Humo mtaona kiasi cha memori inachoruhusiwa kutumia na idadi ya hatua inazokumbuka. Kwa mashini yenye gigabaiti 4, msiipe zote. Kompyuta yenyewe inahitaji sehemu yake. Nusu ni mwanzo mzuri. Mnaweza pia kuchagua folda ya kuazimia nafasi. Iwe kwenye diski yenye nafasi nyingi, wala si kwenye flashi, kwani nyingi ni za polepole.

6. Stima ikipotea katikati ya kazi, mafaili ya muda yanaweza kubaki kwenye diski na kuijaza kidogo kidogo. Fungeni programu, kisha mwangalie folda hiyo. Kama hamna hakika faili ni la nini, muulizeni fundi kabla ya kufuta.

Kama bado inakokota

Mkishafanya haya yote, muulizeni fundi kama mashini inakubali kuongezewa memori. Kuongeza memori kwa kawaida ni rahisi kuliko kununua kompyuta nyingine. Kuna mashini zisizoongezeka, kwa hiyo ulizeni kabla mweka hazina hajatoa shilingi.

Maswali ya kujadili kikundini

Diski yetu imebakiwa na nafasi ngapi? Picha zetu za kwanza zimewekwa wapi, na nani anazitunza? Mashini yetu ina memori kiasi gani?