Ghala Limejaa, Mtoto Amevimba

Baada ya mavuno hapa Kibaoni magunia ya mahindi hufika hadi mlangoni. Majira hayohayo tuliletewa kliniki mtoto wa miaka miwili, amenuna, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu. Tulipobonyeza mguu wake kwa kidole, pakabaki shimo. "Nesi, mbona ugali anakula na anashiba?" aliuliza mama yake, mwenye kichanga mgongoni.

Tulimwamini. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliuandika ugonjwa huu kwa jina la wenyeji: maradhi ya mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Aliuhusisha na chakula cha mahindi matupu. Sisi tunauita kwashakoo. Hauna chanzo kimoja, lakini lishe duni haikosekani.

Protini tunayokula huvunjwa tumboni na utumboni kuwa asidi amino, ambazo mwili huzitumia kujenga misuli, damu na ngozi. Ziko aina 20. Mwili waweza kujitengenezea 11. 9 lazima zitoke kwenye sahani. Mahindi yana lisini kidogo. Maharage yanayo tele, ila yana upungufu wa methionini, na hiyo mahindi yanayo. (Bibi zetu waliopika kande hawakusoma darasa lolote!)

Tena, mwili hauna ghala la asidi amino. Zinazozidi huvunjwa na ini, naitrojeni yake ikageuzwa kuwa urea, figo zikaitoa kwa mkojo. Chakula kikipungua, mwili huanza kula misuli yake wenyewe.

Mama yule alitaka kurudi nyumbani akamlishe mtoto mayai na maharage kwa wingi. Tulimzuia. Ini la mtoto aliyevimba limedhoofika, haliwezi kuhimili mzigo wa protini nyingi kwa ghafla. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75 yenye protini kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akitulia ndipo huongezewa. Basi mama mwenzangu, ukiona miguu yote miwili imevimba, usianze kupika. Mpeleke siku hiyohiyo.

Mtoto alirudi. Sasa uji wake hutiwa karanga zilizosagwa, na mama hutwanga dagaa kila Jumamosi. Kichanga naye bado ananyonya.