Ngazi ya Kunyooshea Mgongo

Sogeeni karibu niwasimulie kisa cha ngazi.

Zamani, yapata miaka 2,400 iliyopita, walikuwepo waganga huko Ugiriki waliotibu mgongo uliopinda kwa namna ya ajabu. Waliitandika ngazi mito, wakamlaza mgonjwa juu yake, wakamfunga kwa mikanda, kisha wakaivuta ngazi kwa kamba hadi juu ya mnara. Chini watu wamejaa, macho yamewatoka. Halafu? Kamba ikaachiwa ghafla! Ngazi ikashuka, puu! Mgonjwa akatikisika mwili mzima.

Maandishi yenye jina la tabibu Hippocrates wa kisiwa cha Kos yanaeleza habari hizi, na yanasema waziwazi kwamba ngazi haijamnyoosha mtu yeyote anayejulikana, na kwamba walioipenda ni wale waliotaka kushangaza umati. Tabibu mwenyewe alipendelea benchi la mbao, mgonjwa akivutwa taratibu kutoka pande mbili. Mimi nampenda kwa ukweli wake huo.

Kwa nini kuvuta? Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili zilizopangana, na katikati yake, toka shingoni hadi kiunoni, mna diski 23. Kila diski ina ukingo mgumu, na ndani ute wenye maji mengi. Mchana uzito wa mwili huzikamua diski. Usiku, ukilala, huyanywa maji tena kama sifongo. Ndiyo maana asubuhi u mrefu kuliko jioni, kwa kadiri ya sentimita moja. Jaribu: ukitoka tu kitandani simama ukutani bila viatu, mtu akuwekee alama ya chaki utosini. Jioni pima tena.

Ukingo ukichanika, ute huchomoza na kubana neva, maumivu yakateremka hadi mguuni. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walilionyesha jambo hilo mwaka 1934. Leo zipo mashine: mgonjwa hufungwa mkanda kiunoni, kitanda kikamvuta na kumlegeza, ili diski ipunguziwe mzigo. Wapo wanaosema wamepata nafuu. Hata hivyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuvutwa kusiwe tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, likahimiza mazoezi na elimu. Tena diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe.

Basi chezeni, kimbieni, ogeleeni. Ukiinua ndoo ya maji, chuchumaa, iweke karibu na mwili, ndipo usimame. Mkoba wa shule uvae mabega yote mawili. Usikae kitako saa nzima bila kuinuka. Na mgongo ukiuma huku miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, au homa ikipanda, mwambie mzazi mwende hospitali siku hiyo hiyo.