Baiskeli ya ndizi haina pa kupita

Simama kwenye mlima wowote unaokaribia Kayanga, au kule Nkwenda, mkoani Kagera, asubuhi ya siku ya gulio, ukungu ukiwa bado haujainuka. Kitakachotangulia kuonekana barabarani ni ndizi. Mikungu mitatu au minne imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, miwili inaning'inia ubavuni mwa baiskeli, mingine imelazwa juu ya keria. Nyuma ya ndizi yupo mtu ameinama, mkono mmoja umeshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine unasukuma mzigo ambao huenda unamzidi uzito. Haendeshi baiskeli. Anatembea nayo.

Akifika kileleni anapumua, anajifuta jasho, kisha anadandia. Sasa ni dereva wa chombo chenye mzigo mzito, breki zimechoka, na ndala yake inasaidia kukanyaga tairi pale kona inapokuja ghafla. Mtu mmoja, kilima kimoja, na ndani ya nusu saa amekuwa mwenda kwa miguu kisha dereva. Akipanda anachelewesha magari, akishuka anawatisha wanafunzi. Pande zote mbili za kilima wapo wanaomlaani.

Wanaomlaani nao wanalaaniwa. Dereva wa Fuso aliyebeba ndizi hizo hizo kwenda Mwanza anaona baiskeli kama kizuizi, humpigia mwenye nayo honi kana kwamba mlima ni kosa lake. Dereva wa bodaboda akibanwa na Fuso anatanua, anaingia pembeni mwa lami ambako baiskeli zimejipanga. Mwenye baiskeli akikimbia bodaboda anaingia kwenye kijia ambako mama anatoka shamba na mkungu kichwani, au watoto wanarudi shule. Mama hana wa kumsukuma. Akiruka, anaangukia mtaroni. Hapo ndipo utakaposikia matusi ya Kinyambo, Kihaya na Kiswahili yakichanganyika, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye asiye na adabu.

Mimi nasema adabu imepewa lawama kubwa kuliko sehemu yake.

Watu hawa wamekuwa wakipishana kwa vizazi. Karagwe ilikuwa nchi ya njia za miguu muda mrefu kabla ya gurudumu kufika. Speke na Grant walipomtembelea Mtawala Rumanyika mwaka 1861 waliingia kwa miguu na wapagazi, wakifuata njia ya misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro. Baiskeli zilikuja baadaye sana: Raleigh ya Mwingereza, Phoenix ya Mchina, na baadaye Swala, iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania na ambayo wazee wengine bado wanaitaja kwa heshima. Barabara za vumbi zilizokuja nazo zilikuwa mbovu, na ubovu wake ulikuwa na faida moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipotoweka: mashimo yalikuwa trafiki. Hayakupokea rushwa, hayakwenda kula chakula cha mchana. Lori lililazimika kutambaa, pikipiki ilitambaa, na aliyesukuma ndizi aliweza kumsalimia dereva bila kupaza sauti.

Lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, ilizinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2017. Hakuna mtu Karagwe anayetaka irudishwe vumbi. Mgonjwa anafika Bukoba akiwa hai, mnunuzi wa maharage anafika na gari lake likiwa zima, nauli inaeleweka. Lakini lami ilimpa kasi mwenye injini peke yake. Mwenye miguu alibaki na mwendo wake ule ule, na baiskeli ya ndizi ikabaki na mwendo wa mwenye miguu. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoua, na haitibiwi kwa semina ya ustaarabu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Waenda kwa miguu ni asilimia 23, wa pikipiki na bajaji asilimia 21, wa baiskeli asilimia 6. Jumlisha: nusu ya marehemu hawakuwa ndani ya gari. Ukiwa Omurushaka, kwenye njia panda ya kwenda Nkwenda na Murongo, huhitaji ripoti kuliamini hilo. Tazama tu nani yuko ndani ya bati na nani yuko nje.

Mara nyingi kidole huelekezwa kwa bodaboda, na mara nyingi anastahili. Mishikaki ya abiria watatu ipo. Helmeti iliyotundikwa kwenye usukani kana kwamba pikipiki ndiyo yenye kichwa, hiyo nayo ipo. Wapo vijana wanaoanza kazi bila leseni, wamejifunza kuendesha wiki iliyopita kwenye uwanja wa mpira wa kijiji. Msimu wa kahawa ukilipa vizuri, fedha inageuka pikipiki mpya, na pikipiki mpya inampata dereva mpya. Lakini muulize kijana wa kijiweni kwa nini anakimbia, atakuambia habari ya hesabu. Pikipiki nyingi si zake. Ana mkataba: alipe kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chake, na siku asiyofikisha hesabu deni linalala naye. Mwaka 2021 Serikali iliwapunguzia bodaboda na bajaji faini za barabarani kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kukubali kwamba faini ya gari ilikuwa inameza mapato yao ya siku. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na naukubali. Ila hesabu ya tajiri haikupungua, na haraka haikupungua.

Wenye miguu nao si malaika. Kutoka kanisani Jumapili watu hutembea watano kwa mstari, mazungumzo yamenoga, lami imekuwa sebule. Kutoka kwenye rubisi jioni, wengine hawajui hata lami iko upande gani. Wengine huanika mahindi na maharage juu ya ukingo wa lami kwa sababu unapata joto vizuri, na hivyo nafasi ndogo iliyobaki kwa baiskeli inakuwa ghala. Ng'ombe wenye pembe ndefu wanavuka watakavyo, na mchungaji huwa nyuma yao, haharakishi. Baiskeli usiku hazina taa wala kiakisi mwanga, na kwa ukungu wa huku, ambao asubuhi nyingine humficha hata mtu mwenye shati jeupe, hilo ni kama kujificha makusudi. Nayataja haya kwa sababu dereva anayesoma makala hii ameshayawaza, na ana haki ya kuyasema.

Watoto tuliwafundisha shuleni: nchi yetu inaendesha kushoto, basi mtembea kwa miguu atembee kulia, aone gari linalomjia usoni. Ni ushauri mzuri kwa mwenye daftari mkononi. Vipi anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulilifikiria jambo hilo. Unamhesabu anayekokota baiskeli kuwa mwenda kwa miguu, lakini unamtaka abaki upande unaofuata mwelekeo wa magari. Kwa hapa kwetu maana yake ni kushoto, mgongo ukiwaelekea wenye malori. Mantiki ipo: akikaa kulia na mzigo mpana hivyo, atagongana uso kwa uso na wote. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote, anayekwenda polepole kuliko wote, ndiye asiyeona kinachomfuata. Anategemea masikio na huruma ya dereva. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaihesabu baiskeli kuwa chombo chenye wajibu wa breki na taa. Sawa. Wajibu tumempa. Nafasi ya kuutimizia hatujampa.

Na nafasi ipo, hapo ndipo ninapokasirika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Jumla ni mita 60. Nyumba zimechorwa X nyekundu kwa ajili ya mita hizo, migomba imekatwa kwa ajili ya mita hizo, familia zimehama. Lami yenyewe inachukua upana wa mita chache tu katikati. Katika mita zote zilizobaki, ambazo mwananchi amenyimwa ili ziwe za barabara, huyo huyo mwananchi hakutengewa hata mita mbili za kutembea na kusukuma ndizi zake. Kinachomsubiri pembeni ni ukingo uliolika kwa mvua za Machi hadi Mei, kisha mtaro wa kina kinachommeza mtoto.

Atakayesema njia hizo ni anasa ya Ulaya asiende mbali, aende Dar es Salaam. Shirika la Amend kwa miaka kadhaa limekuwa likifanya kazi ndogo ndogo kuzunguka shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wanagongwa: njia ya miguu, matuta ya kupunguza kasi, alama za kivuko, geti la shule kuhamishwa lisifungukie barabarani. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na World Resources Institute. Hakuna kilichojengwa pale ambacho halmashauri ya Karagwe au ya Kyerwa haiwezi kukielewa. Tuta ni udongo, lami na uamuzi. Geti ni fundi na siku mbili.

Hatujachelewa, hasa upande wa Kyerwa. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Karagwe, na sensa ya mwaka huo huo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili. Kwa miaka mingi wabunge wake wamekuwa wakisimama bungeni kuomba lami kuelekea Murongo, kwenye mpaka wa Uganda, kupitia njia ya Omugakorongo na Kigarama. Lami hiyo inahitajika: kahawa, ndizi na maharage ya Kyerwa yamekwama kwenye tope vya kutosha. Lakini ikija kama ilivyokuja ya Bugene, nyembamba na laini, italeta pia malori ya masafa marefu kwenye vijiji ambavyo hadi leo mtoto anavuka barabara bila kugeuza shingo.

Mlima mmoja mkali ungetosha kuanzia. Upande wa kupanda, wekeni mita mbili za changarawe iliyoshindiliwa, zilizotengwa na lami kwa mawe au kwa kingo, ili anayesukuma ndizi apande bila kuguswa na kioo cha lori. Karibu na kila gulio, wekeni uwanja wa kushushia mikungu, ili Fuso lisipakie likiwa limekaa nusu ya barabara. Gharama yake ukiilinganisha na ya kilomita moja ya lami ni ndogo, na madiwani wanaweza kuiuliza kwenye vikao vyao kabla mkandarasi hajaleta greda. Baada ya greda kuondoka, swali hilo hujibiwa kwa neno moja: bajeti.

Kuna wanaosema baiskeli ya ndizi inakwisha yenyewe, kwamba pikipiki na guta zitaimaliza. Siamini. Mkulima mwenye mikungu minne kwa wiki hawezi kukodi pikipiki kwa kila safari akabaki na faida. Baiskeli haili mafuta. Itaendelea kupanda milima hii kwa muda mrefu, na wapangaji wa barabara wakubali hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi wa TANROADS mkoani Kagera na wenzao wa TARURA waichore njia ya anayetembea na anayesukuma kwenye michoro ya barabara ya Murongo sasa, wala wasiiache iwe nyongeza ya baadaye. Polisi wa usalama barabarani nao, mkimsimamisha bodaboda mwenye mishikaki, lisimamisheni na Fuso lililompita mama kwa kiganja kimoja. Na wewe msomaji unayeendesha: ukimkuta mtu wa ndizi mlimani, subiri nyuma yake mpaka uone mbele kuko wazi, umpite kwa mbali, na usimpigie honi.